Mtaa Niliomchagulia Baba

Watu wengine huchagua mtaa kwa kutazama maji, wengine kwa ukaribu wa soko, na mume wangu, ambaye alikuwa gadi wa treni, angekubali mtaa wowote ambao king'ora cha stesheni hakisikiki. Mimi nilichagua kwa kumtazama balozi. Nasema balozi wa nyumba kumi, siyo wale wanaopelekwa Ulaya. Miaka ile ya Ujamaa, balozi ndiye aliyejua nani kalala kwako, nani hakutokea kwenye kazi ya kujitolea, na nani aliguna wakati taarifa ya habari inasomwa. Ukipata balozi mwema, hata bomba likikauka utaishi. Ukipata wa hovyo, maji yatatoka mchana kutwa na utayanywa kwa hofu. Hilo nililijua mapema kuliko wenzangu, na mpaka leo sijaona aliyenishinda katika kulijua.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Tabora. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu, na tungeendelea kukaa humo kwa raha zetu kama si baba yangu.

Baba alikuwa mrina asali upande wa Ipole. Mizinga yake ya magome ilining'inia juu ya miti msituni, mbali na nyumba yetu, naye aliijua yote kama mtu anavyowajua watoto wake, mpaka ule mvivu na ule mkorofi. Mama alikuwa amekwisha fariki. Baba alikuwa mtu wa Chama tangu wakati kadi zilipotolewa kwa kificho, na kadi yake aliifunga kwenye kitambaa kimoja na cheti chake cha ubatizo. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: jambo lisipomwingia akilini alilisema, papo hapo, mbele ya yeyote, bila kupunguza sauti. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na mimi nilikua nikisubiri siku hiyo.

Ilifika pale watu wa kule walipoambiwa waache nyumba zao zilizotawanyika msituni wahamie kijiji kimoja kikubwa kando ya barabara. Baba akasema watakaohama ni watu, nyuki hawatahama. Mwenyekiti wa kule akamwita akamwonya. Baba akasema tena. Akaitwa tena, na safari hii akaambiwa kwamba ya tatu itasikilizwa polisi. Dereva wa lori la tumbaku ndiye aliyeniletea habari hizo, na alizileta akicheka, kwa sababu kila mtu barabara ile alimpenda baba na hakuna aliyejua la kumfanya.

Mimi sikucheka. Nilipanda lori lile lile nikaenda kumwambia aje akae kwangu mpaka mambo yatulie. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia, maana goti lilikuwa likimsumbua na hospitali ilikuwa mjini.

"Sawa, mayu," alisema. Aliniita mayu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Lakini nitakaa wapi? Kwenye vile vyumba vyenu nitalala na mkwe wangu?"

Neno la kweli. Isitoshe, mwenye nyumba wetu alikuwa mtu wa kutetemeka kila akisikia baiskeli inasimama mlangoni. Kumweka baba humo kungekuwa kumuua yule mzee wa watu. Nikamwambia baba anipe muda nitafute nyumba, na mume wangu, aliyekuwa akijiandaa kwa safari ya Kaliua, akasema, "Wewe ndiye unayejua kusoma mitaa. Soma." Akaondoka na taa yake.

Nikaanza kuzunguka kila jioni baada ya masomo. Nilikuwa na namna yangu. Kwanza nilitazama bendera ya Chama kwenye nyumba ya balozi. Kisha nilikwenda bombani na ndoo tupu, nikasimama kwenye foleni kama mtu wa pale pale, na nikauliza swali moja: "Huyu balozi wenu ni mtu gani?" Baada ya hapo nilikuwa nasikiliza tu.

Mtaa wa kwanza ulikuwa karibu na nyumba za reli. Nyumba nzuri, za bati, uwanja umefagiwa. Bendera ilikuwa imefuliwa na, naapa, imepigwa pasi. Bombani nilipouliza swali langu, foleni nzima ilinyooka. "Balozi wetu ni hodari sana, ndugu," mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, na wengine wakaitikia, "Sana, sana." Hakuna binadamu anayesifiwa hivyo na majirani zake anaochota nao maji. Nikachukua ndoo yangu tupu nikaenda zangu.

Mtaa wa pili ulikuwa wa wenyeji wa siku nyingi, wafanyabiashara na mafundi, watu wa adabu na udi. Walinikaribisha, wakanipa kahawa na kashata. Nikauliza juu ya balozi. "Alhamdulillah, mzima," wakasema. Nikauliza juu ya duka la pembeni lililofungwa. "Mvua mwaka huu zimechelewa," wakasema. Niliwaelewa na niliwahurumia, maana miaka ile mwenye duka lolote alikuwa anaweza kuamka asubuhi akajikuta ameitwa mnyonyaji. Lakini baba yangu kwenye mtaa wa watu wanyamavu angesikika kama debe linaloanguka kanisani.

Wa tatu nilikuta bendera imechujuka, rangi yake huijui tena. Moyo ukaniambia hapa pana kitu. Nikaenda bombani nikauliza.

"Nani, yule Mzaramo?" wakacheka wote. "Mla nazi yule? Saa hizi kalala. Ukimtaka mpelekee dafu, ataamka."

Na alikuwa amekaa kule kule, hatua chache tu, kwenye kiti chake cha turubai, anasikia kila neno. "Nyinyi wapagazi," akawajibu bila hata kufungua macho vizuri, "chukueni maji mwende. Mizigo ya Waarabu ilikwisha, sasa mmebaki kubeba ndoo tu."

Nilitaka kupiga vigelegele. Yule balozi alikuwa Mzaramo, amekuja Tabora ujanani na kazi ya reli, amestaafu hapo hapo. Na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba pembe mpaka Pwani, wakafika wamechoka na wana njaa katika nchi ya Wazaramo, wakagombana, wakapatana, wakazikana, na mwishowe wakakubaliana kwamba kati yao tusi haliumi. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku. Ukikasirika, aibu ni yako. Nami nikafanya hesabu yangu pale pale na ndoo mkononi: chochote atakachosema baba mbele ya balozi huyu kitahesabiwa utani, na utani haupelekwi polisi.

Nilipanga nyumba ile wiki ile ile. Vyumba vitatu, ua wa mabua, choo kizuri. Mume wangu aliporudi alisema king'ora kinasikika. Nikamwambia atazoea.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mgeni wa mjini ilibidi aonyeshwe kwa balozi. Siku baba alipofika nilimpeleka kabla hata hajanawa vumbi. Alipiga makofi ya heshima kama ilivyo desturi yetu, kisha, kabla hajakaribishwa, akakaa kwenye kile kiti cha turubai.

"Ala!" akasema balozi. "Mpagazi kaingia mjini. Mzigo uko wapi?"

"Mzigo si wewe?" akajibu baba. "Babu yangu alikubeba toka Pwani, akakuchoka, akakutua hapa. Nimekuja kuona kama umeoza."

Balozi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Wakashikana mikono, wakaanza kugombania kiti, na jioni ile ile balozi aliingia jikoni kwangu akafunua chungu na kunyofoa paja la kuku bila kuomba. Nikajua nimepatia. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu dereva wa lori aniletee zile habari.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda kama nilivyoyapanga. Baba alitibiwa goti. Asubuhi alikaa na balozi barazani, na alisema yote aliyotaka kuyasema: kwamba anayepanga kijiji cha warina asali hajawahi kuumwa na nyuki, kwamba bei ya asali ya ushirika ni bei ya maji. Watu walipita wakicheka. "Msikilizeni mtumwa wangu," balozi alikuwa akiwaambia, "jua limemwingia kichwani." Baba naye alimrudishia. Nilikuwa nawasikia nikiwa nasahihisha madaftari ya watoto, na nilijisikia fahari, kusema kweli, kama mtu aliyechimba kisima akapata maji.

Kisha ukaja mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa shule yangu. Mgeni kutoka wilayani alitueleza juu ya vijiji: shule, zahanati, maji ya bomba. Alieleza vizuri, na mimi mengi niliyaamini, naamini baadhi mpaka leo. Akauliza kama kuna mwenye swali, na baba akasimama. Siku mbili kabla alikuwa amepata salamu kutoka kwao kwamba watahamishwa mwezi ule ule wa kurina asali.

"Mimi natoka Ipole," akaanza. "Nina neno juu ya mizinga."

"Mtani wangu huyo!" balozi akadakia kutoka mstari wa mbele. "Msimjali, mheshimiwa. Mpagazi akikosa mzigo husumbuka."

Uwanja mzima ukacheka. Mgeni naye akacheka, akafuta miwani. Baba alisimama kidogo, mdomo wazi, halafu akaketi. Nami, Mungu wangu, nilishusha pumzi na kumshukuru balozi kimoyomoyo. Alikuwa amefanya kile kile nilichomchagulia.

Nyumbani baba hakugusa ugali.

"Mayu," akasema, "mtaa huu uliutafuta makusudi?"

Nikamwambia ndiyo, tena nilizunguka mji mzima. Nikamweleza habari za bendera na bomba, nikidhani atanisifu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kule kwetu niliposema walitaka kunifunga," akasema. "Maana yake walikuwa wamenisikia. Hapa nasema kutwa nzima na hakuna aliyenisikia. Umenifanya ngoma ya kuchezea watu."

Nilikasirika. Nilimwambia ngoma haiwekwi lokapu. Nilimwambia mimi ni mtumishi wa serikali, kazi yangu na ya mume wangu zote zimo mdomoni mwake, na kama anataka kusikika akaimbe kwaya. Maneno makali, na sehemu yake kubwa ilikuwa hofu. Kesho yake baba hakwenda barazani kwa balozi, wala siku iliyofuata. Balozi alikuja kuiba kuku ili kumchokoza. Baba akamwambia achukue tu, kwa sauti ya upole, na balozi akarudisha kifuniko cha chungu taratibu akaondoka mikono mitupu.

Mkutano wa pili ulifanyika uwanja ule ule, na mgeni alikuwa yule yule. Ulipofika wakati wa maswali baba akasimama tena, safari hii amevaa koti lake la kanisani. Nikamwona balozi anatabasamu, anajiweka sawa.

"Kabla sijasema," baba akasema, "namwomba mtani wangu atoke nje."

Nilikuwa nimesikia kwamba zamani, mtu mwenye neno zito aliweza kumwomba mtani wake aondoke, ili neno lisigeuke mchezo. Sikuwa nimewahi kuona jambo hilo likifanyika. Na hapa anayeombwa alikuwa balozi, mbele ya mkubwa wake, kwenye mkutano ambao kazi yake ilikuwa kuwahesabu watu wake na kukaa nao mpaka mwisho. Tabasamu lilimtoka. Alimtazama mgeni, akamtazama baba, akaangalia chini. Kisha akainuka, akapita katikati ya watu wote, akavuka uwanja na kwenda kusimama barabarani, ametupa mgongo, mbali kiasi kwamba hata mtu akipiga kelele asingemsikia.

Baba akasema yake. Hayakuwa marefu. Hakuna aliyecheka. Mgeni akajibu, "Tumekusikia, mzee," akaita swali lingine.

Asubuhi tukaitwa ofisi ya wilaya, watu watatu: baba, mimi niliyempokea, na balozi wake. Mume wangu alikuwa safarini, sikuwa na wa kumwegemea, na nilijua kwamba kabla ya adhuhuri naweza kuwa sina kazi, na baba akawa mahabusu. Balozi alitembea mbele yetu bila neno hata moja la utani.

Bwana aliyetupokea alikuwa kijana, mtaratibu. Alimpa baba shikamoo na kiti. Kisha akamgeukia balozi, kwa kuwa balozi ndiye aliyetakiwa kusema kwanza juu ya mtu wake.

"Wewe ndiye balozi. Huyu mzee alisema nini jana?"

"Sikuwepo, ndugu," balozi akasema. "Nilitoka nje."

"Ulitoka nje ya mkutano wako mwenyewe?"

"Aliniomba. Ni mtani wangu."

"Na hukusikia hata neno?"

"Hata moja. Waulize watu nilisimama wapi."

Yule kijana aliweka kalamu chini. Niliona usoni mwake kitu kama nafuu. Bila neno la balozi shauri halikuwa na miguu, naye hakuwa na hamu ya kulitafutia. "Basi," akasema, "kama balozi mwenyewe hakusikia, mimi nitaandika nini? Mzee, nenda nyumbani, na siku nyingine..."

"Kama hakusikia," baba akasema, "nitarudia. Bora wote mko hapa."

Nilimvuta koti. Aliutoa mkono wangu taratibu, kidole kimoja kimoja, akasimama. Akasema yote aliyoyasema uwanjani, kwa sauti ile ile, akimtazama balozi zaidi ya yule kijana. Kwamba hakatai kijiji. Kwamba kadi yake ya Chama ni ya zamani kuliko meza ile. Kwamba mzinga usiotazamwa huliwa na nyegere, na mrina asali akihamishwa mwezi wa kurina amenyang'anywa mwaka mzima. Kwamba waliokuja kwao waliuliza wana nyumba ngapi, wakazihesabu, na hakuna aliyeuliza mizinga iko wapi. Kwamba mtu akitaka kumhamisha mwenzake, amuulize kwanza anaishi kwa nini.

Balozi alikuwa amekaa mikono magotini. Palikuwa na nafasi nyingi za kudakia, na mtu mwenye ulimi kama wake lazima aliziona zote. Hakucheka. Baba alipomaliza, balozi akasema, "Sasa nimesikia," naye akavua kofia.

Kijana alichukua tena kalamu yake. Kisha akasema watu wa Ipole wanahama wiki ijayo, na kwa kuwa mzee anawasemea kiasi hicho, aende akahame nao. Mjini hana kazi, na mwalimu asiendelee kumficha. Baba akauliza, "Na kurina?" Kijana akasema hilo atalifikisha juu. Sikumwamini, na baba naye hakumwamini, lakini alimshukuru.

Tulipotoka nilianza kulia, na ilikuwa hasira. Balozi alitutangulia ili asinione. Nilimwambia baba kwamba nilizunguka mji huu kwa miguu yangu kumtafutia mahali pa kuzeekea, na nilipapata, na hakuna mtu mwingine Tabora nzima ambaye angepapata, naye amepatupa kwa dakika tano. Nilisema najua kule anakokwenda balozi wa nyumba kumi ni nani na bendera yake inafuliwa mara ngapi.

"Ulichagua vizuri," baba akasema. "Nisingepata mahali pengine mtani wa kumwomba atoke nje, akatoka." Akatembea kidogo, goti likimvuta, kisha akasimama. "Lakini wewe, mayu, ulinisikia?"

"Nilikuwepo, baba. Nimekusikia mara mbili."

"Nilisema nini?"

Tulikuwa katikati ya barabara ya sokoni. Watu walikuwa wakipita, wengine wazazi wa wanafunzi wangu, mmoja akanisalimia kabisa, "Shikamoo, mwalimu." Katika maisha yangu yote ya mjini sikuwa nimewahi kutamka neno moja juu ya mambo yale mahali ambapo mtu baki angeweza kulisikia. Nilifuta uso kwa ncha ya khanga. Nikaanza mwanzo, kwa sauti ninayotumia darasani: kwamba hatukatai kijiji. Nilipofika kwenye nyegere nilikosea kidogo. Akanisahihisha, nikarudia, na watu wawili watatu wakasimama kutusikiliza.